Je, Wajua? Kinachokupa joto ni hewa

Je, wajua kwamba sweta haitengenezi joto? Joto hutoka mwilini mwako. Nguo hulizuia tu lisitoroke, na kizuizi chenyewe ni hewa iliyonaswa kati ya nyuzi na kati ya nguo moja na nyingine. Ndiyo maana fulana, shati na sweta nyepesi zikivaliwa pamoja zinaweza kukukinga kuliko koti moja zito. Tena jua likitoka, unavua moja tu.

Kwa Njombe na Makete, ambako Juni na Julai ni miezi ya baridi kali, mpangilio huu ni wa lazima. Ukipanda vilima, usianze na fulana ya pamba: hunywa jasho, ikakaa mbichi mgongoni, nawe ukatetemeka. Sufu hutunza joto hata ikiwa na unyevu. Juu kabisa vaa jaketi la kuzuia upepo.

Kuhusu mwonekano, nguo za rangi tulivu hupendeza zaidi, kisha skafu au kofia iliyofumwa kwa mkono ibebe rangi kali. Ifue kwa maji baridi, usiisokote, na uikaushe ikiwa imelazwa. Kwenye kamba hurefuka.