Kompyuta ikigoma kuwaka, usikubali ifutwe haraka

FAMILIA nyingi katika jiji la Nakuru na viunga vyake, kuanzia Lanet hadi Njoro, hununua kompyuta zilizokwisha kutumika ng'ambo, zile maarufu kama 'ex-UK'. Ni mashine imara na bei yake ni nafuu. Taabu huanza pale mwenyewe anapoiongezea kitu: kadi ya kumbukumbu, ile mafundi huiita RAM, ili mashine iache kukokota, au kadi ya picha ili vijana wacheze michezo.

Anabonyeza kitufe. Feni inavuma, nembo ya Windows inatokea, kisha skrini inageuka buluu. Mashine inajizima na kuwaka tena, inajizima na kuwaka tena.

Akiipeleka kwa fundi mwenye haraka, dawa ya kwanza huwa ni 'kupiga formati', yaani kufuta diski yote na kupakia Windows upya. Hapo ndipo pa kusimama. Katika diski hiyo huenda mna mradi wa mtahiniwa wa somo la Kompyuta katika KCSE, tasnifu ya mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Egerton, au hesabu za duka la mama. Vikifutwa, kuvirejesha ni kazi ngumu na pengine haiwezekani. La kusikitisha zaidi ni kwamba kama vifaa ndivyo vinavyogombana, mashine iliyofutwa itaanguka vile vile siku ya pili.

Ugomvi huu si wa leo. Katika miaka ya 1990, kompyuta ya kawaida ilikuwa na njia 16 tu, nambari 0 hadi 15, ambazo vifaa vilitumia kubisha hodi kwa prosesa. Kibodi, saa na diski zilikwisha kutwaa zao. Kadi ya sauti na modemu zikipewa njia moja, zilikatizana na mashine ikaganda. Fundi alilazimika kuhamisha vibanio vidogo kwenye kadi, kimoja kimoja.

Windows 95 ilipotolewa Agosti 1995, iliahidi kugawa njia hizo yenyewe. Hata hivyo, mambo hayakunyooka mara moja. Aprili 20, 1998, Bill Gates akiwa jukwaani Chicago, msaidizi wake alichomeka skana kwenye kompyuta yenye Windows 98 ili kuonyesha jinsi inavyokipokea kifaa kipya. Skrini ikageuka buluu mbele ya umati. Basi, msomaji, ikikutokea nyumbani usione haya.

Siku hizi kugombania njia kumepungua sana. Ugomvi umehamia kwingine. Kadi mbili za kumbukumbu zaweza kufanana kwa sura lakini moja inataka volti 1.5 na nyingine 1.35, au kasi zao hazipatani. Kadi ya picha nayo yaweza kudai umeme mwingi kuliko uwezo wa kisanduku cha umeme cha kompyuta ndogo ya ofisi. Aidha, kila kifaa huja na draiva, programu ya kukiendesha, na draiva mbovu yatosha kuiangusha Windows kabla haijaamka.

Kwa hivyo jiulize: ni kitu gani cha mwisho kuongezwa? Zima mashine, chomoa waya ukutani, gusa chuma cha kasha ili umeme ulio mwilini mwako utoke, kisha ukitoe kifaa hicho. Ikiwa ni kadi za kumbukumbu, bakisha moja tu, uwashe, kisha ujaribu nyingine peke yake. Sehemu zake za rangi ya dhahabu zisugue polepole kwa raba safi ya penseli. Vumbi ni adui hapa. Jina Nakuru lenyewe husemekana latokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi.

Ikiwaka bila kifaa kipya, mshtakiwa amepatikana.

Isipowaka, jaribu hali salama, iliyoandikwa Safe Mode, ambamo Windows huamka na draiva chache za lazima. Katika Windows 7 na za kabla yake bonyeza F8 inapoanza kuwaka. Katika Windows 10 na 11, mashine ikishindwa kuwaka mara kadhaa mfululizo hufungua yenyewe ukurasa wa marekebisho, na humo utaipata. Ukifika ndani, ondoa draiva iliyowekwa majuzi.

Jambo jingine ambalo wengi hulisahau ni betri ndogo mithili ya sarafu iliyo kwenye bodi kuu, aina ya CR2032. Katika mashine kuukuu mara nyingi imekufa. Umeme ukipotea, saa hurudi nyuma miaka mingi, mipangilio hufutika, na baadhi ya mashine husahau namna ya kuisoma diski. Betri hii hubadilishwa kwa dakika chache.

Yote yakishindikana, piga picha ya maandishi yaliyo kwenye skrini ya buluu kwa simu, umpelekee fundi. Kabla hajagusa lolote, mwombe aitoe diski, aiunganishe na kompyuta nyingine, na kunakili faili zako ukiwa umesimama hapo hapo.