Nakivale: Mgonjwa Asiyejua Lugha ya Wodini

Kambi ya Nakivale, wilayani Isingiro, ilianza na wakimbizi wa Rwanda. Wakafuata Wakongo, Warundi na Wasomali. Ada ya matibabu ilifutwa katika hospitali za serikali za Uganda mwaka 2001. Lakini mgonjwa mahututi hupelekwa hospitali ya rufaa, Mbarara, penye Kinyankole. Mama wa Kisomali atamwelezaje mkunga kwamba damu haikatiki? Ofisa wa ustawi wa jamii humtafutia gari, mkalimani, hata mtu wa kumpikia, maana wodini jamaa ndio wapishi. Kambini, timu za afya za vijiji hupita nyumba kwa nyumba kwa kujitolea, bila mshahara. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inampa mkimbizi haki ya ajira. Tunadai jasho hilo lilipwe, mkalimani akiwamo.