Tanzania: Mboji hunasa uraniamu, lakini pia huisafirisha

Uraniamu ya Mto Mkuju, wilayani Namtumbo kusini mwa Tanzania, imo ndani ya mawe ya mchanga. Mwaka 2012 Kamati ya Urithi wa Dunia iliridhia mipaka ya Selous irekebishwe ili eneo hilo libaki nje. Je, uraniamu ikiponyoka wakati wa uchimbaji, ni nini kitakachoizuia isifike visimani?

Sehemu ya jibu ni mboji, yaani mabaki ya majani, mizizi na viumbe vilivyooza. Katika maji yenye asidi kidogo, uraniamu iliyoyeyuka huwa na chaji chanya, nazo asidi za mboji zina chaji hasi; ndipo huinasa na kuishikilia udongoni. Isitoshe, bakteria wanaokula mabaki hayo humaliza oksijeni, na pasipo oksijeni uraniamu huingia katika hali isiyoyeyuka kwa urahisi. Ndiyo maana vinamasi huweza kuilimbikiza kwa miaka mingi.

Hata hivyo, si mboji yote hutulia. Ile inayoyeyuka, iyapayo maji ya vinamasi rangi ya chai, husafiri na uraniamu iliyoishika. Kinamasi nacho kikikauka, hewa huingia na uraniamu huanza kuyeyuka upya.

Kwa hiyo kupima udongo peke yake hakutoshi. Maji yenyewe hayana budi kupimwa, kabla ya uchimbaji na muda mrefu baada yake. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni mikrogramu 30 kwa lita, hasa kwa kuhofia madhara ya figo.