Fundi wa Lamineti Mkague Mlangoni

Ukitaka kukagua kazi ya fundi wa sakafu ya lamineti, usitazame katikati ya chumba. Pale hata aliyeanza juzi hapati taabu: tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 vipande huja na ulimi na mfereji, kimoja kinabana kingine bila gundi wala msumari. Inama ukutani, kisha piga magoti penye fremu ya mlango.

Lamineti haipigiliwi chini. Inaelea juu ya sponji nyembamba, na kiini chake ni nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, zinazofyonza unyevu na kutanuka. Masika yakiingia Dar es Salaam au Mombasa, sakafu nzima inasogea. Ndiyo maana pembezoni pote huachwa nafasi ya milimita 8 hadi 10: ukutani, kwenye nguzo, kwenye fremu. Mwenye nyumba akiuona ufa huo hudhani fundi amekosea kipimo, pengine akaujaza saruji nyeupe. Sakafu ikikosa pa kwenda huinuka katikati, ukiikanyaga inabonyea.

Kuuficha ufa bila kuuziba ndiyo kazi ya skatingi, ule ukanda wa chini ya ukuta. Kama ni ya mbao, ing'olewe kabla ya kutandika. Rangi ikatwe kwanza kwa kisu pale skatingi inapokutana na ukuta, patasi iegemezwe kwenye kibao ili plasta isibomoke, na kila kipande kiandikwe namba kwa nyuma. Wakati wa kuirudisha ipigiliwe ukutani tu, kamwe si sakafuni. Upande wa nyuma upakwe dawa ya mchwa, maana hiyo nafasi ikishafungwa leo haitafunguliwa tena miaka mingi.

Lakini nyumba zetu nyingi zina skatingi ya vigae au terazo iliyoshikwa na saruji, na kuibandua ni kuondoka na plasta. Hapo sina ugomvi na kile kibao chembamba cha robo duara kinachogandishwa juu ya vigae. Wapo wanaokiona ni uvivu. Mbele ya skatingi ya mbao ni uvivu kweli. Mbele ya kigae sioni njia nyingine ya maana.

Mlangoni ndiko kwenye kazi. Fundi mvivu hukata lamineti kufuata mikunjo yote ya fremu na ya vile vibao vinavyozunguka fremu, kisha hupaka silikoni kuficha meno. Fundi anayejua hukata fremu yenyewe. Huweka kipande cha lamineti pamoja na sponji yake pembeni mwa fremu, akalaza msumeno juu yake, akakata miguu ya fremu na vibao vyake kwa kimo hichohicho. Lamineti huingia chini, ufa ukabaki gizani.

Shida huja kwa kipande chenyewe: ili kibane lazima kiinamishwe, na chini ya fremu hakuna pa kukiinamishia. Dawa yake ni kuparura mdomo wa chini wa mfereji kwa patasi, kutia gundi kidogo, na kukisukuma kikiwa kimelala, kikivutwa kwa chuma chenye ndoano. Ukibahatika kuanza kutandika kutoka upande wenye mlango, taabu hiyo hupungua sana.

Fremu ya chuma iliyojazwa zege haikatwi. Hapo lamineti ikatwe kwa uangalifu kuizunguka, nafasi iachwe, na silikoni inayonyumbuka yenye rangi ya sakafu itiwe. Hapo tu ndipo ninapolazimika kuikubali silikoni. Ukanda wa alumini wa kizingitini nao ushikwe kwenye zege, si kwenye lamineti, ukae katikati ya unene wa mlango uliofungwa.

Lamineti ya milimita 8 na sponji yake hupandisha sakafu sentimita moja au zaidi, hivyo milango ishushwe irandwe mapema. Uliza kabla ya kulipa malipo ya awali: bei ya mita ya mraba imejumuisha skatingi, kukata fremu na kuranda milango, au hayo yatadaiwa siku ya mwisho?