Rubavu: Ratiba ya ligi na saa ya mpaka

GISENYI – Mfanyabiashara anayevuka Petite Barrière kila siku huwa na hesabu nyingi kichwani: bei ya nyanya Goma, nauli ya pikipiki, ushuru, na saa ya mpaka kufungwa. Wengi wa Rubavu huongeza hesabu moja zaidi, ratiba ya Uwanja wa Umuganda.

Sababu yake ni rahisi. Ligi Kuu ya Rwanda ina timu 16. Kila timu hucheza mechi 30 kwa msimu, 15 kati ya hizo nyumbani. Katika msimu wa 2024/25 timu tatu zilitumia Umuganda kama nyumbani: Etincelles, Marines na Rutsiro, ambayo hutoka wilaya jirani. Hizo ni mechi 45 katika uwanja mmoja, kati ya Agosti na Mei. Kwa wastani ni zaidi ya mechi moja kila wiki.

Siku ya mechi ni siku ya soko

Etincelles, jina la Kifaransa lenye maana ya cheche, hutegemea sana fedha za Wilaya ya Rubavu. Marines ni timu ya jeshi. Zinapokutana zenyewe kwa zenyewe, mji hugawanyika. Wanapokuja APR au Rayon Sports kutoka Kigali, karibu kilomita 150, uwanja hujaa na biashara hubadilika.

Muuza karanga, mayai ya kuchemsha au sambaza za kukaanga huuza kwa saa chache anachouza kwa siku nzima. Wenye pikipiki hupata abiria wa kwenda na kurudi. Nyumba za kulala wageni hupokea mashabiki wasiotaka kurudi Kigali usiku. Wauza jezi hupanga rangi kulingana na timu mgeni.

Hata jina la ligi limewahi kuhusishwa na mji huu. Kwa misimu kadhaa liliambatana na bia ya Primus, inayotengenezwa na Bralirwa katika kiwanda chake cha Gisenyi. Baadaye ligi ikabeba jina la Azam, kampuni ya Tanzania. Bidhaa na matangazo vilivuka mipaka ya Afrika Mashariki kupitia soka.

Saa 9 alasiri

Tatizo ni saa. Juni 2022, baada ya askari wa Kongo kuuawa kwa risasi hapo Petite Barrière, upande wa Goma ulianza kufunga mpaka saa 9 alasiri badala ya saa 12 jioni. Mechi nyingi za ligi huanza saa hiyo hiyo, saa 9 alasiri.

Kwa shabiki wa Goma maana yake ilikuwa moja: akiingia Umuganda, halali kwake. Kwa mama anayeuza Gisenyi na kulala Goma ilikuwa hasara ya pili. Wateja walipoanza kumiminika uwanjani, yeye alikuwa tayari kwenye foleni ya kurudi. Nyanya zilizobaki zilirudi naye au ziliuzwa kwa bei ya kutupa. Ikumbukwe kwamba wengi wa wafanyabiashara wadogo wa mpaka huu ni wanawake, na mtaji wao ni wa siku kwa siku.

Saa hiyo ilibanwa wakati uleule milango mingine ikifunguliwa. Kongo ilitia saini mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki Aprili 2022, na Julai mwaka huo ikawa mwanachama kamili. Kwenye karatasi soko lilipanuka, lakini mpakani siku ya kazi ilifupishwa kwa saa tatu.

Msimu wa vita jirani

Msimu wa 2024/25 ulikuwa mgumu kuliko hesabu za kawaida. Januari 27, 2025, wapiganaji wa M23 waliingia Goma. Makombora na risasi vilivuka hadi Rubavu, raia wakauawa na familia zikakimbia nyumba zilizo karibu na mpaka. Siku hizo hakuna aliyeuliza habari za pointi. Hata hivyo ligi ilikamilika. APR ikatwaa ubingwa, na timu zote tatu za Umuganda zikabaki daraja la juu.

Kubaki huko si jambo dogo kwa mji. Timu ikishuka daraja, mechi za APR na Rayon huondoka pamoja nayo, na meza za vyakula nje ya geti hupungua.

Soka yenyewe haikwepi siasa. Februari 2024, mshambuliaji Mkongo wa Rayon Sports, Héritier Luvumbu, alishangilia bao kwa kuziba mdomo na kuelekeza vidole kichwani kama bastola, ishara iliyokuwa imetumiwa na timu ya taifa ya Kongo kupinga vita vya mashariki. Shirikisho la soka la Rwanda lilimfungia miezi sita, na klabu yake ikaachana naye.

Uwanja huu umewahi kukusanya kanda

Lakini Umuganda una kumbukumbu nyingine pia. Januari 2016, wakati wa michuano ya CHAN, kundi la Uganda, Zambia, Mali na Zimbabwe lilichezea hapa. Zambia na Mali zikasonga mbele. Kongo, iliyoanzia Huye, iliwatoa wenyeji Rwanda kwa mabao 2-1 katika robo fainali, kisha ikanyakua kombe Kigali kwa kuichapa Mali 3-0.

Mwaka 2027 Kombe la Mataifa ya Afrika litaandaliwa na Kenya, Tanzania na Uganda. Rubavu haimo katika orodha ya wenyeji, lakini bidhaa zinazopita Rubavu zinaweza kufika huko.

Kwa sasa, ushauri wa wenyeji kwa anayevuka na mzigo ni wa kawaida. Kabla ya kununua bidhaa inayooza, angalia ratiba ya mechi, kisha uliza mpakani saa ya kufunga siku hiyo. Saa hizo zikikaribiana, chukua mzigo mdogo.