Bei ya Kukaa Mbali

Asubuhi, kwenye vituo vya katikati ya njia ya Gongo la Mboto au ya Mbagala, kuna abiria wanaopanda daladala inayokwenda kinyume na wanakotaka kwenda. Wenyewe wanasema wanageuza na gari. Wanalipa nauli hadi mwisho wa njia, wanabaki vitini wenzao wakishuka, kisha wanalipa nauli nyingine kwa gari lile lile linaporudi mjini. Mtu anayefanya hivyo hana hela ya kuchezea. Anajua kwamba magari yanapofika kituoni kwake yakitokea mwisho wa njia huwa yameshajaa hadi mlangoni, na kwamba akichelewa, geti la kiwanda likafungwa, siku yake imekwenda bila ujira.

Nauli ile ya pili haimo katika hesabu ya mtu yeyote anayesema kwamba kiwanja cha Chanika au Chamazi ni cha bei nafuu. Ninavyoona mimi, ingepaswa kuwamo. Dar es Salaam huwauzia watu wa kipato cha chini ardhi kwa bei ndogo, halafu huwadai kilichobaki kila siku barabarani, kwa fedha na kwa saa. Anayelipa si mfanyakazi peke yake. Ni watu wote wa nyumba yake.

Tuanze na fedha. Desemba 2023 nauli ya daladala kwa safari isiyozidi kilomita 10 ilipanda kutoka shilingi 500 hadi 600. Mfanyakazi anayepanda magari mawili kwenda kazini na mawili kurudi hutumia, kwa kiwango hicho cha chini kabisa, shilingi 2,400 kwa siku. Akifanya kazi siku 26, ni shilingi 62,400. Kima cha chini cha mshahara katika viwanda na biashara kilichoanza kutumika Januari 2023 kilikuwa shilingi 150,000 kwa mwezi. Kwa viwango hivyo, zaidi ya shilingi 40 katika kila 100 ziliishia mkononi mwa konda, na hapo bado hatujaweka bodaboda ya kutoka barabara kuu kuingia ndani, wala siku za kugeuza na gari.

Saa ni hesabu nyingine, na huenda ndiyo nzito zaidi. Anayetoka nyumbani saa kumi na nusu alfajiri na kurudi saa tatu usiku huwaacha watoto wamelala na kuwakuta wamelala. Baba wa namna hiyo huonana na wanawe Jumapili. Kwa mama anayekwenda Masaki kufanya kazi za ndani za kutwa mambo ni magumu zaidi: anawaandaa watoto wa mwajiri kwenda shule huku wake wakiandaliwa na dada yao mkubwa, ambaye naye ni mwanafunzi. Binti huyo akichelewa darasani, mwalimu anaona uzembe. Hakuna anayeona foleni ya Barabara ya Nyerere ndani ya daftari lake.

Mji huu uligawanywa tangu ukoloni. Wajerumani waliupanga katika kanda, na Waingereza wakauendeleza hivyo: Wazungu ufukweni, Wahindi katikati, Waafrika upande wa pili wa uwazi wa Mnazi Mmoja. Lakini umbali wa wakati ule mtu aliumaliza kwa miguu. Leo haiwezekani. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 mkoani Dar es Salaam. Ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Zaidi ya watu milioni moja waliongezeka katika miaka kumi, na wengi wao walipata pa kukaa Kivule, Chanika, Chamazi, Goba na Bunju. Wengine, ambao hawamo katika hesabu hiyo, walivuka mipaka ya mkoa hadi Vikindu na Kibaha. Kazi, soko la jumla, maofisi na bandari vikabaki palepale: Kariakoo, Posta, Kurasini, na viwanda vya barabara za Nyerere na Mandela.

Ni vizuri kuelewa jinsi kiwanja cha pembezoni kinavyopatikana, maana hapo ndipo tatizo linapofungwa fundo. Kwa kawaida hakitokani na ramani ya mipango miji. Mwenye shamba la mikorosho anapatwa na shida, ada ya shule au ugonjwa, anamega kipande. Dalali analeta mnunuzi. Wanapima, mara nyingi kwa hatua za miguu, na 20 kwa 20 ndicho kipimo walichokizoea. Karatasi ya mauziano inaandikwa ofisi ya serikali ya mtaa mbele ya mwenyekiti na mashahidi. Mwaka unaofuata kinamegwa kipande kingine, kisha kingine. Kila muuzaji anauza chake, kila mnunuzi analinda chake, na barabara inakuwa ile nafasi iliyosalia kati ya kuta. Eneo la shule halipo, kwa sababu hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na wajibu wa kulitoa.

Kisha nyumba inaanza kupanda kidogo kidogo. Msingi mwaka huu, matofali mwaka kesho. Boma linaota majani, linapauliwa siku mchezo wa upatu ukimwangukia mwenyewe, na familia inahamia kabla ya plasta, madirisha yakiwa yamezibwa kwa mabati. Wanahamia mapema kwa sababu ya kodi. Mwenye nyumba wa Manzese au Tandika anataka miezi sita kwa mkupuo, wengine mwaka, na dalali anataka kodi ya mwezi mmoja juu yake. Kwa fundi au muuza genge ambaye kipato chake ni cha siku, kukusanya miezi sita kila mara ni mzigo unaomrudisha nyuma kila anapokaribia kusimama. Nyumba yake mwenyewe, hata isiyo na sakafu, inamtoa katika mzunguko huo. Ninawaheshimu sana watu hawa. Sehemu kubwa ya makazi ya Dar es Salaam haikujengwa na serikali wala kampuni. Imejengwa na wakazi, tofali kwa tofali, bila mkopo wa benki.

Serikali nayo ilijaribu. Kuanzia 2002 ilitekeleza mradi wa viwanja 20,000, ikapima maeneo kama Buyuni, Toangoma, Mwanagati, Mbweni na Bunju. Viwanja vilikuwa na hati na barabara kwenye ramani. Lakini vilihitaji kulipiwa kwa muda mfupi na vilikuwa mbali, kwa hiyo vingi vikaangukia mikononi mwa wenye kipato cha uhakika, na baadhi vikakaa miaka mingi vikiwa vichaka. Kwa mwenye gari na mshahara, kiwanja kisicho na usafiri ni akiba. Mama lishe hawezi kuishi ndani ya akiba.

Kuna njia nyingine ya kuhamia pembezoni ambayo haizungumzwi sana: urithi. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo au Ilala, vyumba sita na ukumbi katikati, ilikuwa inabeba ukoo mzima pamoja na wapangaji wawili watatu. Bibi akifariki, warithi ni watano au saba. Kinafanyika kikao cha familia, na mwekezaji wa ghorofa tayari ameshapiga hodi. Nyumba inauzwa, fedha zinagawanywa, na fungu la kila mmoja, ambalo machoni lilikuwa kubwa, linatosha kiwanja Chamazi na kuanza ujenzi. Ndugu waliokuwa wakilala chini ya paa moja wanatawanyika pembe nne za mkoa. Ndugu wa kumwangalia mtoto hayupo tena jirani. Madrasa ya mtaa inapoteza wanafunzi, kikundi cha upatu kinakosa wanachama. Msiba ukitokea, watu wanakodi basi kurudi kuzika mjini, kwa sababu majirani wa zamani na makaburi ya wazee wao viko huko.

Hasara ya namna hii haina risiti, na ndiyo maana nasisitiza kuitaja. Tangu 2008 Tanzania ina sheria inayoruhusu mtu kumiliki sehemu ya jengo. Kisheria, warithi wangeweza kutoa kiwanja, mwekezaji akajenga, nao wakabaki na fleti palepale walipozaliwa. Wachache wanajua, na wachache zaidi wanapata wa kuwasimamia katika mkataba wa aina hiyo. Hapa halmashauri ingeweza kusaidia kwa gharama ndogo: mwanasheria mmoja wa wilaya anayekaa na familia kabla haijatia saini.

Mfano unaofundisha kuliko yote ni wa bonde la Msimbazi. Desemba 2011 mvua kubwa ziliipiga Dar es Salaam, zaidi ya watu 40 wakafa, na waliokuwa wakiishi Jangwani na maeneo jirani wakapewa viwanja Mabwepande, kaskazini kabisa ya mji, zaidi ya kilomita 30 kutoka walikokuwa. Kwa upande wa usalama uamuzi ule ulikuwa sahihi. Mtu hawezi kulea mtoto ndani ya mkondo wa mto. Lakini Jangwani ilikuwa dakika chache kwa miguu kutoka Kariakoo. Mbeba mizigo alifika sokoni alfajiri bila nauli. Mama wa vitumbua aliuza, akarudi kunyonyesha, akaenda tena jioni. Walipofika Mabwepande walikuta ardhi kavu na hewa safi, na mteja hakuna. Baadhi waliuza viwanja wakarudi bondeni. Watu wengi waliwaita wakaidi. Mimi naona walikuwa wakilinganisha hatari mbili: mafuriko yanayokuja baadhi ya miaka, na njaa inayokuja kila jioni.

Weka pembeni yake Magomeni Kota. Wapangaji wa nyumba zile za zamani waliondolewa, nyumba zikavunjwa, wakakaa miaka mingi wakipanga huku na huko. Machi 2022 majengo mapya yalizinduliwa, na kaya 644 zikarudi mahali palepale, karibu na shule zao, na soko lao, na njia ya mabasi ya mwendokasi. Ilikuwa ghali kwa taifa na haiwezekani kila mtaa. Hata hivyo imeonyesha kwamba mtu wa kipato kidogo anaweza kuboreshewa makazi bila kuhamishwa kutoka kwenye riziki yake, jambo ambalo mipango mingi haikulifikiria kabisa.

Watu wanapolalamika kuhusu umbali, lawama ya kwanza humfikia konda, hasa anapowakatalia wanafunzi. Tuangalie anavyofanya kazi. Dereva na konda wengi hawana mkataba wa maandishi. Asubuhi wanachukua gari, jioni wanapeleka hesabu kwa tajiri mwenye gari, kiasi kilichopangwa hata kama siku ilikuwa mbaya. Wakishatoa hesabu na mafuta, kinachobaki ndiyo mshahara wao. Kwa nauli zile za 2023, mwanafunzi analipa shilingi 200 na anachukua nafasi ya mtu wa 600. Kila mwanafunzi aliyepanda asubuhi ni shilingi 400 zilizotoka mfukoni mwa konda, wala si mwa tajiri. Kwa sababu hiyo hiyo magari hukatisha ruti jioni: kufika hadi mwisho na kurudi tupu hakulipi. Wanaoachwa njiani ni wale wa mwisho kabisa, ambao wametoka mbali zaidi na watalazimika kutafuta bodaboda gizani. Trafiki kumtoza konda faini hakugusi hesabu. Kama tunataka mtoto apande gari, ile tofauti ya 400 ibebwe na mfuko wa umma, au tajiri alazimishwe kuajiri kwa mshahara.

Mabasi ya mwendokasi yaliyoanza 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani, jumla ya kilomita 20.9, yaliondoa hesabu katika njia ile. Dereva analipwa mshahara, basi halikatishi ruti. Lakini mabasi yalikuwa machache kuliko watu, mvua zikiifunga Jangwani huduma inasimama, na barabara ya Mbagala ilikaa muda mrefu imekamilika huku ikisubiri mabasi. Treni ya mjini iliyoanza Oktoba 2012 nayo imekuwa ikihudumia asubuhi na jioni tu, wakati mama anayeuza sokoni anahitaji kurudi adhuhuri. Hata hivyo natahadharisha kuhusu kuweka tumaini lote katika usafiri. Barabara nzuri inayopeleka kila mtu Kariakoo bado inampeleka Kariakoo. Hospitali, ofisi za serikali, masoko ya jumla na vyuo vya ufundi vikisogea Mbagala, Chanika na Bunju, sehemu kubwa ya safari hizo haitahitajika.

Tukirudi kwenye viwanja, kwa mitaa iliyokwisha jaa, urasimishaji, yaani kuipima na kuipanga upya, ni kazi ngumu na ya uchungu. Kila mita ya barabara inapatikana kwa kuvunja ukuta ambao mtu aliujenga kwa miaka kumi, na majirani wanagombana nani arudi nyuma. Lakini Vikindu, Kisarawe na Kibaha bado kuna mashamba yanayomegwa mwaka huu. Huko mwenyekiti wa serikali ya mtaa au wa kijiji anajua kila mauzo, kwa kuwa karatasi zinapita mezani kwake. Halmashauri ikimpa sharti moja, kwamba hakuna kugonga mhuri kabla mpima hajaweka njia ya gari, eneo la soko na la shule, na kwamba ardhi hiyo itatolewa na wauzaji wote kwa uwiano wa wanachouza, mwenye shamba hatapoteza, maana kiwanja chenye barabara huuzwa ghali kuliko kilichofichwa nyuma ya nyumba za watu. Sharti hilo linataka mpima mmoja wa halmashauri na kikao cha majirani, na linapaswa kuwekwa kabla mnunuzi wa pili hajafika.