NYUMBA NTOBHU NA HAKI YA MRITHI

Katika Mkoa wa Mara, tokea Tarime hata vijiji vya ziwani kama Murangi, neno nyumba ntobhu si geni masikioni. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume, mara nyingi mjane, hutoa ng'ombe wa mahari akaoa mwanamke mwenziwe. Huyo aliyeolewa huzaa na mwanamume, lakini watoto huwa wa nyumba iliyotoa ng'ombe. Desturi hii imeshika mizizi hasa kwa Wakurya. Wala wasomaji wetu wasiichanganye na ndoa za jinsia moja zilizohalalishwa Afrika Kusini mwaka 2006. Hapa hutafutwa mrithi na msaidizi wa shamba.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 9, yasema ndoa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke. Hata kifungu cha 160, kinachowadhania kuwa wameoana watu waliokaa pamoja miaka 2 au zaidi, chataka mwanamume na mwanamke. Basi afapo mama mwenye nyumba, shemeji zake huja kudai shamba na mifugo, na yule aliyelima na kumwuguza marehemu huulizwa: wewe ni nani hapa? Ajabu ni kwamba wazee walioshuhudia ng'ombe wakihesabiwa ndio huweza kusimama barazani wakakana kuwa palikuwa na ndoa.

Wenzetu wa Kenya wameliona jambo hili. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Mombasa, mbele ya Jaji Ojwang', ilikubali kuwa mwanamke wa Kinandi aliyeolewa hivyo ni mrithi halali, pamoja na watoto wake.

Hatusemi kila kilichomo katika desturi hii ni chema. Binti mdogo akitolewa na babaye kwa sababu ya ng'ombe, huo ni uuzaji, hata kama mnunuzi ni mwanamke. Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani mwaka 2019, zilikwisha kukataa vifungu vilivyoruhusu wasichana kuolewa kabla ya miaka 18, nasi twaona kipimo hicho kiwahusu na hawa.

Lakini aliyekwisha kuolewa, na watoto aliowazaa kwa jina la nyumba hiyo, hawakuitunga desturi. Twaliomba Bunge liwataje katika sheria ya mirathi, na ushahidi wa mahari iliyopokelewa uwatoshe mahakamani.